Gari ya familia visiwani: kwanza iangalie nyumba yako, gari baadae

Ukikaa barazani ukasema unatafuta gari ya familia utapata majibu kumi kabla kahawa haijapoa, huyu Noah, yule Wish, na hakosi mmoja wa kukwambia siku hizi watu wanahamia umeme wewe bado unanuka petroli. Mimi nshanunua vibaya mara moja na vizuri mara moja, kwa hiyo hapa nasema yale niliyoyaona, tena kwa sisi wa visiwani, mana ushauri mwingi uliopo ni wa watu wa bara ambao gari zao hazilali na chumvi kila usiku.

Kabla hujaanza kuangalia picha za magari ya Japani fanya kitu kimoja ambacho hakina gharama, wiki nzima andika safari zenu. Andika kweli, kwenye simu au nyuma ya daftari la mtoto, asubuhi skuli, kazini, mchana kumfata mdogo chuo cha Kurani, jioni sokoni Mwanakwerekwe, Ijumaa kwa mama. Mimi naishi Fuoni na nilikuwa na uhakika natembea sana, ukiniuliza ningesema kilomita 80 kwa siku, nilipoandika ikaja 28, siku nyengine 35, na safari ndefu ni moja tu, Makunduchi kwa bibi yao mara mbili kwa mwezi, kwenda na kurudi kama 120 hivi. Hesabu hiyo ndo inayokwambia injini ya ukubwa gani inakutosha na kama umeme unakufaa au haukufai.

Halafu hesabu watu, lakini wa kila siku. Sisi tuna maradhi ya kununua gari kwa ajili ya Idi. Mtu ana watoto wawili anachukua Noah ya siti 8 kwa sababu siku ya harusi lazima abebe khalati, shangazi, masufuria ya biriani na mzee mmoja asiyepanda daladala, siku zote zilizobaki anazunguka peke yake na injini ya cc 2000 inakunywa mafuta kwenye foleni ya Amani. Siku ya harusi kodi gari, au azima, ndugu wa nini? Kama mko watano kushuka chini IST, Fielder, hata Passo kama hamna watu wa miraba minne, zinatosha. Mkifika sita saba ndo mnaingia kwenye Sienta, Wish, na hao kina Noah na Voxy.

Sisi watoto wanne na mama mkwe tunaishi nae, tukaangukia Sienta ya zamani, ile yenye injini ya 1NZ ya cc 1500, injini ile ile iliyomo kwenye IST na Probox, mana yake ikikukatalia Jambiani usiku hukosi fundi wa kijijini anaijua mpaka sauti yake na spea ziko duka lolote. Milango ya nyuma ni ya kusukuma, jambo ambalo hulioni thamani yake mpaka siku umeegesha Darajani umebanwa kulia na kushoto na mtoto anataka kushuka sasa hivi. Ila nisikudanganye, siti ya nyuma kabisa ni ya watoto, mtu mzima akikaa magoti yanamfika kidevuni. Na Sienta nyingi zina gia boksi ya CVT, ile otomatiki ya mkanda isiyo na gia za kuhesabu, oili yake ni ya aina yake peke yake, fundi akikwambia oili yoyote ya otomatiki inaingia muage kwa adabu uondoke. Noah za mwanzo wa miaka ya 2000 nazo nyingi zina injini ya D4, ile inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, nafasi ndani ipo ya kutosha lakini hazipatani na mafuta machafu kabisa, ukiona Noah inauzwa bei ya kushangaza uliza kwanza hilo.

Sasa kutu. Hapa nitakaa kidogo mana ndo iliponila.

Noah yangu ya kwanza niliinunua hapa hapa Unguja, ina namba ya Z tayari, imepigwa polishi mpaka unaweza kujinyoa ndevu mbele ya mlango wake. Aliyeniuzia alisema ilikuwa ya mtu wa ofisini, inakwenda kazini na kurudi, basi. Mwezi wa tatu mke wangu akaniambia kapeti ya nyuma imerowa na mvua yenyewe wala haijachanganya, nikainua kapeti nikabonyeza kwa kidole gumba, kidole kikaingia. Nikachungulia, nikaona lami. Nimesimama kwenye gari niliyomaliza kuilipia jana yake naiona lami ya Fuoni kupitia sakafu. Fundi bodi alipokwangua kile kizingiti cha chini ya mlango akaanza kutoa vipande vya gazeti, walivijaza humo wakapaka pati juu na rangi juu yake, ukurasa wa michezo ulikuwa bado unasomeka, na nyuma ya gazeti ukamiminika mchanga mweupe mlaini kama unga. Ule si mchanga wa ofisini. Gari ilikuwa ikipeleka wageni pwani na kushushwa mpaka kwenye maji.

Kwa hiyo sasa nikienda kuangalia gari, yangu au ya mtu kaniomba nimsindikize, nabeba sumaku ndogo niliyoivua kwenye spika mbovu, kitambaa, na tochi ya simu. Sumaku unaifunga kitambaa usije ukakwaruza rangi ya watu, unaipitisha pole pole kwenye vizingiti, juu ya matao ya matairi, chini ya mlango wa nyuma. Pahala penye bati inashika, pahala penye pati inaanguka. Huna sumaku gonga kwa kifundo cha kidole, bati linalia na pati inajibu kama umegonga ukuta wa udongo. Halafu inua kapeti zote, muuzaji akikwambia zimegandishwa haziinuki hapo ndo uziinue. Toa tairi la spea uangalie shimo lake kama lina maji au limeoza, fungua boneti uangalie pale juu shokapu zinapojishika, na lala chini. Ndiyo, lala chini na kanzu yako, au vaa suruali siku hiyo.

Kama unaagiza Japani karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari kule inakouzwa, uiombe kabla hujatuma hata shilingi, usikubali picha tu. Pale pana mchoro wa gari na herufi ndogo ndogo, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni pahala palipotengenezwa, hizo tunaishi nazo, ila ukiona S ujue ni kutu, na ukiona alama ya gari ni R au RA mana yake ilipata ajali ikatengenezwa. Gari za kule kaskazini kwenye theluji, Hokkaido na jirani zake, barabara zao zinamwagwa chumvi wakati wa baridi, kwa hiyo unaweza ukaagiza kutu kutoka Japani ukailipia na meli. Ukaguzi wa ZBS, taasisi ya viwango ya Zanzibar, wa kabla ya kupakiwa upo na ufanywe, lakini ule unaangalia kama gari ni salama barabarani, haukuangalii wewe kama umepata bei ya haki.

Injini iangalie asubuhi. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja juu ya boneti, ikiwa ya moto ameshaiwasha na kuna kitu hataki ukisikie. Eesi ijaribu saa saba mchana gari imesimama, siyo inakwenda, mana ikiwa inakwenda hata eesi mbovu inajitutumua.

Haya, umeme. Watu wanabishana sana kuhusu hili na wengi wao hawajawahi kuikalia gari ya umeme.

Ukweli ni kwamba kisiwa kama Unguja ni mahala pake. Kutoka mjini mpaka Nungwi ni kama kilomita 60, Makunduchi haizidi sana hapo, hakuna pa kwenda mbali zaidi ya hapo, mbele ni bahari. Mtu wa Dodoma ana haki ya kuogopa kuishiwa chaji porini, wewe wa Kwarara unaogopa pori gani? Kilomita zangu 28 za kila siku hata gari ya umeme iliyochoka inazimaliza na chenji inabaki.

Neno lenyewe ni hilo, iliyochoka. Gari ya umeme ambayo mtu wa kawaida ataimudu ni Nissan Leaf ya mkononi kutoka Japani, na Leaf za mwanzo zilikuwa na betri ya kilowati-saa 24, baadae zikaja za 30, halafu umbo jipya la 40. Betri ya Leaf haina mfumo wa kupozwa kwa maji, inategemea upepo tu, na joto ndo adui yake, sasa itoe Japani uilete kwenye jua la kaskazi la mwezi wa Januari hapa kwetu. Kwenye dashibodi upande wa kulia kuna vijistari 12 vya afya ya betri, siyo vile vya chaji, vile vyengine vidogo vya pembeni, watu wanavichanganya. Kikipungua cha kwanza betri ishapoteza kama asilimia 15, na vinavyofata kila kimoja ni kama asilimia 6. Ikibaki na 8 unanunua theluthi mbili ya betri.

Jirani yangu anayo moja, ya 24, vijistari 8. Jumapili moja tukaenda nayo Nungwi kwenye hitma, watu wanne, eesi imewashwa, tunacheka inavyokwenda kimya kama paka. Kufika Mahonda imeanza kutuonesha namba zisizopendeza. Tumeingia Nungwi na kilomita 20 na kitu zimebaki, tukapitisha waya dirishani mwa nyumba ya wenyeji wetu, watu wanasoma hitma wewe unachungulia taa za chaji. Soketi ya ukutani inakupa kama kilomita 12 mpaka 15 kwa saa, tulikaa mpaka alasiri, tukala mara mbili, tukarudi eesi imezimwa vioo chini, jasho kama tumetoka kucheza mpira Amaan. Jirani mwenyewe hajuti, anakwenda nayo kazini Maisara kila siku na hajui tena bei ya petroli. Nungwi haendi nayo tu.

Kwa hiyo ukinunua Leaf usiamini vijistari peke yake, kuna watu wanavirudisha vikajaa ili wauze, na vinaanza kudondoka tena baada ya wiki kadhaa ukiwa ushalipa. Tafuta kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani kwenye tundu la kupimia na programu ya Leaf Spy kwenye simu, kinasoma asilimia ya afya ya betri na hali ya kila seli. Muuzaji akikataa upime, nawe ushapata jibu. Kwangu mimi chini ya asilimia 75 kwa betri ya 24 siichukui hata kwa bei ya bajaji, ya 40 naweza kufikiria.

Na sasa ile habari ya nyumba niliyoianza kwenye kichwa cha habari. Gari ya umeme unaichaji kwako, basi. Kama unaishi Mji Mkongwe gari haifiki mlangoni, unaiacha Malindi au kwengineko unakwenda kwa miguu vichochoroni, utaichajia wapi. Kama unaishi kwenye majumba ya Michenzani ghorofa ya tano, utateremsha waya kutoka dirishani upite mbele ya nguo za watu? Ukiwa na kiwanja chako, Fuoni, Tomondo, Kianga huko, gari inalala ndani ya ukuta, hapo tunaongea. Tena piga laini yake peke yake kutoka kwenye breka, waya wa milimita 4 kwa uchache, ukiwa mrefu weka wa 6, ethi iwe ya kweli siyo msumari umechomekwa kwenye mchanga. Leaf za Japani zinakuja na waya wa chaji wa volti 200 wenye plagi ya kwao, watu wanaikata wanaeka plagi yetu ya miguu mitatu ambayo mwisho wake ni amp 13, na waya ule unaweza kuvuta mpaka 15, usiku kucha. Soketi ya jirani niliiona mwenyewe, imeiva rangi ya mkate wa kumimina.

Watu watakukumbusha giza, kuwa Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja ilikaa karibu miezi 3 bila umeme wa kutoka bara. Ni kweli, tulilala na mbu na koroboi. Lakini mwaka 2013 ukaja waya mwengine wa baharini wa megawati 100 na hali siyo ile tena, kukatika kwa masaa hakukuzuii kuchaji mana gari inalala masaa kumi na wewe unahitaji manne. Na petroli nayo inakuja na meli, tusijisahau.

Hesabu ya pesa ifanye mwenyewe, ni ya dakika mbili. Gari ndogo ya cc 1500 kwa mwendo wetu ni kama lita 7 kwa kilomita 100, Noah fanya 10 na zaidi. Gari ya umeme kama Leaf ni kama uniti 17 ukutani kwa kilomita hizo hizo, pamoja na zinazopotea kwenye kuchaji. Chukua bei ya lita waliyotangaza ZURA, wale wadhibiti wa nishati wa Zanzibar, mwezi huu uizidishe na lita, chukua bei ya uniti kwenye risiti yako ya tukuza, umeme wa kulipia kabla, uizidishe na 17, toa, gawa kwa 100, halafu zidisha na kilomita zako za wiki ulizoandika. Kwangu mimi ilitoka faida lakini siyo ya kufidia tofauti ya bei ya kununua, kwa sababu ya kilomita 28. Anayetembea 80 kila siku kazini hesabu yake inageuka kabisa, na kuna kichekesho hapo, anayehitaji umeme zaidi ndo yule anayetembea sana, na Leaf iliyochoka ndo haimfai.

Za Kichina mpya mpya zinavutia sana kwa picha, ila zile zilizotengenezwa kwa soko la China usukani uko kushoto na tundu la chaji ni la kwao, muulize muuzaji hayo mawili kabla hujauliza rangi.

Haibridi, yaani petroli na umeme ndani ya gari moja, ndo njia ya katikati, Aqua, Fielder haibridi, Sienta mpya. Huchaji popote, unatia mafuta kama kawaida na foleni ya mjini inaimaliza kwa kutumia umeme wake yenyewe. Kwenye Aqua kuna tundu la upepo pembeni ya siti ya nyuma, lile linapoza betri, watoto wanalirundikia mabegi ya skuli na manyoya ya paka yanaingia, likiziba betri inakufa kabla ya siku zake. Mwambie fundi alifungue alisafishe feni yake. Na Aqua ni ya chini chini, barabara zetu za ndani wakati wa masika utaisikia tumbo likikwaruza.

Ndugu zangu wa Pemba masafa yenu ni mafupi kama yetu, Mkoani mpaka Konde yote haifiki 80, lakini nyinyi mna vilima na udongo ule mwekundu ukirowa ni sabuni, na spea ambayo Chake haipo inasubiri boti. Kwa Pemba mimi naangalia gari ambayo fundi wa karibu yako ashaifungua na kuifunga ikawaka tena. Nenda gereji kabla ya kununua, tizama zimelala gari gani pale, halafu uliza zipi zimelala kwa kukosa spea. Gari ya umeme huko wacha wenye gari mbili waanze.

Ukishachagua, kama unaagiza, piga hesabu ya bandarini kabla ya kulipa Japani. Ushuru unakwenda na thamani, ukubwa wa injini na umri wa gari, gari ya rahisi ya miaka mingi inaweza kukutoa jasho Malindi kuliko ilivyokutoa Japani. Mtafute wakala wa forodha akupigie kwa namba ya chesisi, siyo kwa kukisia. Ukinunua ya mtu wa hapa jina kwenye kadi liwe la huyo anayepokea pesa, siyo la kaka yake aliyeko Oman, na ubadilishaji wa umiliki mkamalize ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, siku ile ile mkiwa pamoja. Na kama una mawazo ya kuja kuihamishia bara uliza kodi zake sasa.

Wiki ya kwanza badilisha oili zote, pulizia oili chafu au dawa ya kutu chini na ndani ya vizingiti, na kila ukitoka pwani iosheni chini kwa maji matamu siku hiyo hiyo, mpira wa bustani unatosha. Ukitafuta kivuli cha kuegesha usidanganyike na mnazi, na wakati wa msimu mdoriani pia. Chini ya kila mlango kuna vitobo vidogo vya kutolea maji, vichokonoe na waya mwembamba, vikiziba mlango unaoza kutoka ndani. Vya Sienta yangu mwezi uliopita vilitoa mchanga kijiko kizima, na gari imetoka Japani moja kwa moja haijawahi kushuka pwani. Nikamuangalia mdogo wetu wa miaka minne, akaangalia pembeni.